Mifupa myepesi na boti ya kasi: mama apande au asipande?

"Daktari, habari ya kazi. Desemba tunaenda Watamu familia nzima, treni mpaka Mombasa, kisha matatu. Kaka yangu ameshalipa arubuni ya boti ya kasi: nusu saa kutoka Watamu, inafuata ufuo kuelekea Malindi halafu inarudi. Mama yetu ana miaka 66. Mwaka juzi aliteleza bafuni hapa Donholm akavunjika mkono karibu na kiganja, akapimwa mifupa, tukaambiwa ni myepesi. Tangu hapo anameza kidonge kimoja kila Jumapili. Mgongo humuuma akisimama kwa muda mrefu kuosha vyombo, lakini hiyo boti anaitaka kuliko hata watoto. Kaka anasema maji ni laini, safari ni fupi, na mama akae mbele kabisa aone vizuri. Ameshamnunulia mshipi wa mgongo. Mwanangu wa miaka saba naye hutapika hata kwenye basi la Nakuru. Niwaache waende, au nikatae nionekane ninawaharibia raha?"

Dada yangu, pole kwa kuwa wewe ndiye unayeuliza wakati wenzako wameshaanza kupanga nguo. Nitakujibu kwanza, maelezo yafuate: mama asipande boti ya kasi nje ya mwamba wa matumbawe. Lakini Watamu kuna boti anayoweza kuipanda na akafurahi, wala sioni kwa nini abaki ufuoni akilinda viatu vya wajukuu. Nitaeleza kwa urefu, maana nawajua wazazi wetu. Ukimwambia "daktari amekataa" bila kumpa sababu, atapanda wewe ukiwa umeenda kununua maji ya kunywa.

Mtu akisikia boti huwaza kuzama. Ndiyo maana swali la kwanza huwa la jaketi za kuokolea, na ni swali la maana: kila mmoja wenu avae yake, afunge kamba zote, na ya mtoto iwe ya saizi ya mtoto. Ila boti za kasi zina jeraha lao jingine, na hilo hutokea bila mtu kuloa hata unyayo. Boti haikugonga kitu, haikupinduka, hakuna aliyeanguka. Abiria alikuwa ameketi pake, akapiga ukelele mmoja, na pingili ya mgongo ikawa imebonyea. Uingereza, ambako boti za mpira za kutembeza watalii kwa kasi ni nyingi, idara inayochunguza ajali za baharini imeandika ripoti kuhusu majeraha ya namna hii, mojawapo ni la mwaka 2008 katika Bristol Channel. Na wanaovunjika si wazee peke yao.

Kaka yako anasema maji ni laini. Ni laini ukiyaingia polepole. Boti ndogo yenye injini kubwa ikifika kilomita 40 au 50 kwa saa huwa haiyakati tena maji. Hupanda juu yake na kuteleza. Hapo kila wimbi huirusha. Boti inapaa kidogo, wewe unapaa nayo, makalio yanaachana na kiti. Kisha boti inalikuta wimbi la pili na kusukumwa juu tena wakati wewe bado unashuka, mnakutana njiani. Mtu akianguka nusu mita tu hufika chini akiwa na mwendo wa kilomita 11 hivi kwa saa. Akianguka mita nzima, karibu 16. Ongeza hapo mwendo wa kiti kinachokuja juu kumpokea. Yote hayo yanasimamishwa ndani ya sehemu ndogo ya sekunde, na kinachoyasimamisha ni nyonga na uti wa mgongo, kwa sababu ukiwa umekaa kitako magoti hayana kazi.

Ukitaka kuuonja mshtuko wenyewe bila kutoka Nairobi, kaa kiti cha nyuma kabisa cha matatu inayoruka tuta la mtaani bila kupunguza mwendo. Kile kinachopanda kutoka kwenye makalio mpaka kwenye meno ndicho hicho. Tofauti ni kwamba kwenye matatu kiti kibaya ni cha nyuma, na kwenye boti kiti kibaya ni cha mbele. Boti ya kasi ikipanda wimbi hunyanyua pua, na uzito wake, injini na tangi la mafuta, kwa kawaida uko nyuma. Nyuma hapanyanyuki sana. Mbele ndipo panaporuka juu na kushuka kwa kishindo. Kwa hiyo hicho kiti ambacho kaka yako amemchagulia mama kwa mapenzi yote ndicho kibaya kuliko vyote ndani ya chombo. Manahodha wazoefu wanalijua hili. Utawaona wakiwahamishia abiria wazito na wazee tezini, yaani nyuma ya boti, bila kutoa hotuba.

Ufupi wa safari nao hausaidii. Uchovu wa misuli unahitaji muda, mfupa unahitaji wimbi moja. Mara nyingi si wimbi la kwanza. La kwanza humtoa mtu kwenye mkao wake: mkono mmoja umeachia chuma, kiwiliwili kimeinama mbele, shingo imegeuka kumtazama mtoto. La pili linamkuta hivyo hivyo.

Na kuinama huko ndiko kunakoamua pingili inavunjika vipi. Pingili ni mfupa wa duara, mgumu kwa nje, na ndani yake mna mtandao wa vijifupa vyembamba vinavyogawana uzito. Ukikaa wima uzito unatua kote. Ukiinama, sehemu kubwa inatua upande wa mbele wa pingili, na ikizidi uwezo wake upande huo hubonyea, mfupa unabaki mrefu nyuma na mfupi mbele. Hutokea zaidi pale mbavu zinapoishia na kiuno kinapoanza, kwa sababu juu yake mgongo umeshikiliwa na mbavu na chini yake uko huru, basi nguvu zote hukutania hapo. Mtu wa miaka 30 mwenye mifupa mizima anaweza kuvunjika hapo wimbi likiwa kubwa. Mama yako hahitaji wimbi kubwa.

Wanawake wakikoma hedhi, homoni ya estrojeni hupungua, na mfupa huanza kuliwa upesi kuliko unavyojengwa. Ule mtandao wa ndani unakuwa mwembamba, nyuzi nyingine zinakatika kabisa. Mkono uliovunjika kwa kuteleza bafuni, anguko ambalo kijana angeinuka akapangusa magoti, ndiyo dalili tunayoichukulia kwa uzito kuliko karibu zote: aliyevunjika hivyo mara moja yuko karibu zaidi na kuvunjika tena. Kidonge cha Jumapili kinafanya kazi, nawapongeza kwa kutokiacha. Dawa za kundi hilo hupunguza uwezekano wa pingili kuvunjika kwa takriban nusu. Lakini nusu iliyobaki ipo, na hesabu hiyo ni ya maisha ya kawaida: kupika, kubeba sufuria, kupanda ngazi za kanisa. Haikupigwa kwa mtu anayerushwa baharini.

Sasa huo mshipi wa mgongo. Naomba usimkatishe kaka yako tamaa, ni mtu mwema, lakini mshipi hukaza tumbo na kukukumbusha usiiname. Mgandamizo unaotoka chini kwenda juu hauuzuii hata kidogo. Mto wa sponji ndio wazo la pili la watu wengi, na unaweza kuwa mbaya kuliko benchi tupu: sponji laini hubonyea mpaka ikaisha, na kufikia hapo mwili umeshaongeza mwendo kabla haujagonga ubao. Viti vinavyopunguza mshtuko kwelikweli vipo, vina springi na mitambo yake chini, lakini usitegemee kuvikuta kwenye boti ya kutembeza watalii ufuoni. La tatu ni kumeza dawa ya maumivu kabla ya kupanda. Hilo nalikataa kabisa, kwani maumivu ndiyo yatakayomfanya mama aseme "punguza mwendo."

Bahari yenyewe nayo ina neno. Nimekulia Pwani, nivumilie kidogo. Desemba ni mwanzo wa kaskazi. Mkienda mwezi wa sita au wa nane, kusi ikiwa imekolea, singekuwa na haja ya kuandika barua ndefu hivi, kwa sababu siku nyingi nahodha mwenyewe angewakatalia. Kaskazi ya Desemba inaweza kuwa tulivu asubuhi na kuamka mchana, na hapo ndipo wageni wa bara hudanganyika. Wanaiangalia bahari saa moja asubuhi wakiwa na kikombe cha chai, wanaiona imelala, wanapanga kutoka saa tisa baada ya kula.

Mwamba wa matumbawe huvunja mawimbi kabla hayajafika ufuoni. Ndani yake maji hutulia, nje hakuna cha kuyavunja. Safari mliyolipia inatoka nje. Kutoka Watamu kwenda Malindi ni kuelekea upande wa kaskazini, na kaskazi inavuma kutoka kaskazini mashariki. Maana yake, mwendo wa kwenda mtakuwa mnayapiga mawimbi usoni, na wa kurudi mtakuwa nayo mgongoni, boti itulie. Kibaya kinakuja mapema, mama akiwa bado hajajifunza kushika chuma. Halafu, kama boti yenu itapita mdomoni mwa hori ya Mida, ule mkono wa bahari ulioingia bara nyuma ya Watamu, maji yanapokupwa kwa nguvu kutoka ndani yakapambana na upepo na mawimbi yanayoingia, mawimbi husimama wima na kukaribiana. Boti inayopita hapo kwa kasi hupigapiga hata siku ambayo bahari ya nje inaonekana nzuri.

Tahadhari za upepo mkali na mawimbi makubwa hutolewa na Idara ya Hali ya Hewa, ambayo makao makuu yake yako hapa hapa Dagoretti Corner, kwa hiyo mnaweza kuzisoma kabla hata hamjapanda treni. Mkishafika, tumieni macho. Ukiona povu jeupe limetapakaa juu ya mawimbi mpaka mbali, upepo umeshazidi kwa boti ya kasi yenye mtoto ndani, achilia mbali mama.

Basi mama afanye nini? Pendekezo langu ni hori ya Mida. Imezungukwa na mikoko, na mawimbi ya nje hayafiki humo. Boti huenda polepole, ndege ni wengi, na mtu wa miaka 66 atauliza maswali njia nzima. Jambo moja la kupangia ni maji. Hori hukauka sana yakipwa, na boti hazina pa kupita. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu au umeandama, pwani yetu maji huwa yamekupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi na kujaa saa kumi jioni au karibu na hapo. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, ni kinyume: hujaa katikati ya asubuhi, wakati ambao upepo nao bado haujaamka. Kama mna nafasi ya kuchagua siku, chagueni hizo. Kama hamna, muulizeni nahodha saa ya maji kujaa na mpange chakula kuizunguka, msipange bahari kuzunguka chakula.

Njia ya pili ni boti ile ile mliyolipia, lakini kwa mwendo mwingine. Hapa inategemea kama boti ni yenu peke yenu au mtapanda na wageni wengine. Ikiwa ni yenu, ongeeni na nahodha mapema: asubuhi, ndani ya mwamba, mwendo wa kutembea, mama nyuma karibu naye. Wengi watakubali, mwendo mdogo hula petroli kidogo, na petroli ndiyo inayowaumiza. Ikiwa mnachanganyika na wengine waliolipia kasi, usimpandishe mama kwa ahadi kwamba "tutaenda pole." Mkishafika nje vijana watapiga kelele waongezewe mwendo, na nahodha atawasikiliza walio wengi. Arubuni iliyotolewa isiwafunge. Kaka yako na watu wazima wengine wataitumia.

Kuna hatari nyingine watu hawaitaji, nayo ni kupanda na kushuka. Fukwe nyingi hazina gati. Unaingia majini mpaka magotini, chombo kinapanda na kushuka mbele yako, unashika ukingo, unanyanyua mguu mmoja juu huku mwingine uko kwenye mchanga unaohama. Kwa mfupa wa nyonga wa mama hapo ni pabaya kuliko safari nzima ya horini. Atafutiwe boti yenye ngazi, avae viatu vya mpira vyenye kisigino kilichofungwa, leso aifunge juu ya magoti, na vijana wawili wamshike chini ya makwapa, si kumvuta mikono; mmoja wa mikono hiyo umeshavunjika. Nahodha azime injini kabisa wakati huo. Akikwambia "haina neno, iko fri," msisitize azime.

Lakini kabla ya kupanga haya yote, kaa na mama umweleze. Usimwambie amezeeka. Mwambie pingili ikibonyea hairudi ilivyokuwa, kwamba wiki za kwanza hata kugeuka kitandani ni vita, na kwamba mgongo unaweza kubaki umeinama. Kisha umwachie aseme. Nina wagonjwa waliosikia yote hayo wakaamua kupanda. Ni haki yao, akili zao ni timamu. Mama akiamua hivyo, basi angalau akae safu ya nyuma kabisa akitazama mbele, nyayo zote zimekanyaga sakafu, mgongo wima, mikono miwili kwenye chuma, asikae juu ya mpira wa pembeni wala kwenye sakafu. Na mkubaliane na nahodha ishara ya mkono ya kupunguza mwendo, kwa sababu kelele ya injini na upepo haimwachi mtu kusikilizwa.

Kwa mwanao nina habari itakayokushangaza: huenda asitapike boti ikiwa inakimbia. Kichefuchefu cha safari hutoka kwenye ugomvi kati ya macho na kile kiungo cha usawa kilicho ndani ya sikio. Macho yanaona sakafu imetulia, sikio linasema tunayumba, ubongo unavurugika. Kinachouvuruga zaidi ni kuyumba kwa polepole, bembea moja kila sekunde tano hivi, na vishindo vya haraka vya boti ya kasi haviko hapo. Balaa huanza boti inaposimama kuangalia pomboo na kuanza kubembea ubavu kwa ubavu, moshi wa injini ukiwarudia. Watoto wa umri wake ndio wanaopatwa zaidi, wala si udhaifu wa tumbo. Ale kitu chepesi kikavu kama saa moja kabla, asipande na tumbo tupu wala na viazi karai vya barabarani. Atazame mstari ambapo bahari inakutana na mbingu, asitazame simu. Dawa kama sinarizini hufanya kazi ikimezwa saa mbili hivi kabla ya safari; akishaanza kutapika umechelewa. Dozi ya miaka saba mpimie na mfamasia, umtajie uzito wake na dawa nyingine anazotumia. Dawa hizi huleta usingizi, kwa hiyo zijaribuni kwanza kwenye hilo basi la Nakuru.

Hata yeye kwenye boti ya kasi asikae mbele. Kama miguu yake haifiki sakafuni akiwa kitini, hana cha kujizuilia akirushwa, na hiyo peke yake inatosha kusema angoje miaka michache. Akae horini na bibi yake.

Wengine mtakaopanda, kaka yako na vijana, msijione mmesamehewa. Mwenye mimba asipande. Vivyo hivyo aliyewahi kuambiwa diski ya mgongo imechomoza, aliyefanyiwa upasuaji karibuni, mwenye shingo au moyo wenye matatizo. Walio wazima wakae nyuma na katikati, na wimbi likionekana wakanyage sakafu kwa nguvu, magoti yachukue sehemu ya uzito. Kabla ya kuondoka mwangalieni nahodha kiunoni au mguuni: ile kamba ya kuzima injini iwe imefungwa kwake, si kuning'inia kwenye usukani. Akirushwa majini kamba hiyo ndiyo inayozuia boti kuzunguka na kuwarudia. Boti iwe imekaguliwa na kupewa leseni na Mamlaka ya Bahari ya Kenya, KMA, na idadi ya watu isizidi iliyoruhusiwa. Nahodha mwenye karatasi zake hakasiriki kuulizwa.

Na ikitokea mtu ameshtuka mgongo? Dalili ni maumivu ya ghafla katikati ya mgongo au juu ya kiuno, yanayozidi akisimama na kupungua akilala. Boti ipunguze mwendo palepale na irudi. Akifika ufuoni alale chali mahali pagumu. Asikandwe. Nalisema hili kwa msisitizo kwa sababu ndilo jambo la kwanza atakalofanyiwa: mtu mwenye nia njema atatokea na mafuta ya nazi na kuanza kumnyoosha. Pingili iliyovunjika haihitaji kunyooshwa na mtu yeyote ufuoni. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo apigwe picha. Malindi ni karibu na Watamu, na wataalamu zaidi wako Coast General, Mombasa. Kwa mama hata maumivu madogo yapigwe picha, kwa kuwa mifupa myepesi huweza kubonyea bila makelele mengi na watu wakasema ni uchovu wa safari. Picha ya kwanza ikionekana safi na maumivu yakaendelea, aangaliwe tena. Asirudishwe Nairobi kwenye kiti cha treni kwa saa tano au sita kabla ya kuonwa.

Kuna dalili ambazo hazisubiri hata chai: ganzi katikati ya mapaja na sehemu za siri, kushindwa kukojoa au mkojo kutoka wenyewe, choo kutoka bila kujijua, mguu kukosa nguvu. Hapo neva zimebanwa, na kila saa inahesabika. Ni dharura usiku au mchana.

Kwa sasa, mkiwa bado Nairobi, mlete mama kliniki yoyote ya mifupa iliyo karibu nanyi kabla ya safari, boti au bila boti. Hayo maumivu ya kuosha vyombo yanaweza kuwa ya misuli. Yanaweza pia kuwa pingili iliyokwisha kubonyea kimyakimya, nyingi hazigunduliwi. Mwangalie gauni zake za zamani: zimeanza kuburura? Kimo kikiwa kimepungua sentimita 4 au zaidi tangu ujana wake, anahitaji picha ya mgongo, na majibu yake yanaweza kubadilisha dawa anayotumia. Hata hiyo safari ya matatu kutoka Mombasa itabidi tuizungumzie, angalau asikae nyuma.

Kuhusu kidonge cha Jumapili: kama ni kile cha kumezwa asubuhi kabla ya kula, kwa glasi nzima ya maji matupu, na kukaa wima nusu saa, basi asikimeze asubuhi ya kwenda baharini, hata kama ni boti ya horini. Akitapika kikiwa bado njiani kitamchubua koo la chakula. Kikiangukia siku hiyo, akimeze kesho yake asubuhi, na wiki inayofuata arudi kwenye Jumapili yake. Asimeze viwili siku moja.